Sanamu za Haki za Kiraia Alabama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa likizo simu huanza. Ndugu fulani anakuja Atlanta kwa harusi au mahafali, amesikia kwamba jirani tu, Alabama, kuna "sanamu za akina King", na anauliza kama inafaa kuzitolea siku mbili. Inafaa. Nimeyaandika majibu haya kwa sababu nimechoka kuyarudia, na pia kwa sababu mtu akisimuliwa habari ndefu huku amesimama juani, nusu yake haimwingii. Nimekaa zaidi Birmingham, maana ndiko sanamu zilikokusanyika mahali pamoja. Montgomery inafuata. Miji mingine nimeigusa pale tu mtu alipouliza.

Nikifika Birmingham nianzie wapi?

Kelly Ingram Park, katikati ya mji. Ni bustani ya ekari nne tu. Ukiamua kwenda haraka utaimaliza kwa dakika kumi, na utakuwa umepoteza nauli. Hakuna kiingilio wala tiketi. Kona yake moja inatazamana na kanisa la Wabaptisti la Mtaa wa 16, na ng'ambo ya barabara iko Taasisi ya Haki za Kiraia ya Birmingham, iliyofunguliwa Novemba 1992.

Mbele ya taasisi hiyo amesimama Mchungaji Fred Shuttlesworth, aliyeongoza harakati za Weusi mjini hapa, kazi ya mchongaji John Rhoden. Wageni humpita wakimkimbilia King. Naomba msimpite. Usiku wa Krismasi ya 1956 nyumba yake ililipuliwa kwa bomu naye yumo ndani. Akatoka hai kwenye kifusi, na kesho yake akaenda kupanda basi na watu wake, wakakaa kwenye viti vilivyokuwa vya Wazungu. Ukija kwa ndege umeshatua kwenye jina lake: uwanja wa Birmingham unaitwa Shuttlesworth.

Ushauri wangu: kanisa kwanza kwa nje, kisha bustani, taasisi mwisho. Watu wengi hufanya kinyume, wakafika kwenye sanamu wakiwa wamejaa maelezo na miguu inauma.

Huyo Kelly Ingram alikuwa mpigania haki?

Hapana. Alikuwa baharia Mzungu wa mji huo, aliyeuawa Oktoba 1917 katika manowari ya Cassin wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Bustani ilipewa jina lake mwaka 1932. Ilipotengenezwa upya mwaka 1992 ikapata kaulimbiu, "Mahali pa Mapinduzi na Maridhiano", lakini jina la baharia likaachwa. Mimi sioni ubaya. Hakumkosea mtu.

Kwani kilitokea nini hapo?

Birmingham ya wakati ule ilikuwa na sheria ya mji iliyokataza Mweusi na Mzungu kucheza pamoja karata, dadu, dhumna au drafti. Hii naitaja kwanza kila ninapokuwa na wageni wa Pwani, kwa sababu mtu aliyelelewa barazani anaielewa papo hapo kuliko hotuba nzima. Serikali iliketi, ikafikiri, ikaandika kifungu kuhusu drafti.

Mwaka 1963 Shuttlesworth alimwalika Martin Luther King aje kuongeza nguvu katika kampeni ya kususia maduka, kukaa kwenye mikahawa ya Wazungu na kuandamana. Aliyesimamia polisi na zimamoto alikuwa Bull Connor. Aprili walikamatwa watu wazima, King akiwa mmoja wao. Mei 2 wakatoka watoto, zaidi ya elfu moja, kupitia milango ya lile kanisa na kuingia bustanini. Siku iliyofuata Connor akafungulia mbwa na mabomba ya maji. Picha zikazunguka dunia. Mei 10 mapatano yakatangazwa, na Julai 2, 1964 Sheria ya Haki za Kiraia ikatiwa saini.

Kwa nini mbwa wamewekwa njiani? Nusura nianguke.

Ndivyo ilivyokusudiwa. Kazi hiyo ni ya James Drake, ambaye ana kazi tatu katika njia inayozunguka bustani. Hii ya mbwa ndiyo watu huisimulia nyumbani. Njia ya kutembelea inapita kati ya kuta mbili za chuma, na kutoka pande zote mbili mbwa wanaruka, meno nje, minyororo imekazwa, vichwa vyao vikiwa usawa wa kiuno na kifua chako. Hakuna upana wa kutosha kujifanya huwaoni.

Angalia alichokiacha. Hajamchonga anayeshambuliwa. Pale katikati pangesimama mwandamanaji pameachwa wazi, na anayepita ndiye anayepajaza. Sanamu nyingi tulizozoea zimewekwa juu ya jukwaa. Unainua shingo, unasoma jina, unapiga picha, unaondoka. Hapa huna pa kuinulia shingo. Nimewaona vijana wakiingia wakicheka, na katikati ya zile kuta kicheko kinakata chenyewe, halafu wanatoka upande wa pili wanaangaliana.

Kazi yake ya pili ina mitambo ya maji ya zimamoto upande mmoja na watu waliobanwa na maji upande wa pili. Njia inapita hapo hapo katikati, kwa hiyo kwa hatua mbili tatu umesimama mbele ya mdomo wa bomba. Maji hayo hayakuwa ya kunyunyizia maua: yalichana nguo na kuburuta watoto barabarani. Ya tatu ni ya watoto wawili na nondo za jela, na chini yao maneno yenye maana ya "Siogopi jela yenu".

Kweli watoto walipelekwa jela? Wazazi walikuwa wapi?

Swali hili huulizwa na akina mama, na huulizwa kwa hasira. Walipelekwa, kwa mamia, hadi selo zikajaa na wengine wakawekwa kwenye viwanja vya maonyesho.

Aliyelisukuma wazo hilo ni Mchungaji James Bevel, na hesabu yake ilikuwa hii: mzazi akikamatwa, kesho hana kazi, na keshokutwa mwenye nyumba anamtoa. Mtoto hana ajira ya kufukuzwa. King mwenyewe alisitasita. Wazazi wengine walikataza watoto wakatoroka madarasani, wengine walijua wakanyamaza. Mimi bado sijajua ningefanya nini kama ingekuwa binti yangu, na sidhani sanamu ile inatulazimisha kujibu. Wale wawili wamesimama wima tu, na wewe ndiye unayehangaika.

Sanamu ya polisi, mbwa na mvulana imetokana na picha ya kweli?

Ndiyo, na hapa panahitaji maelezo, maana ndiyo sanamu yenye utata kuliko zote bustanini.

Mei 3, 1963 mpiga picha Bill Hudson wa shirika la Associated Press alimpiga picha mwanafunzi wa sekondari, Walter Gadsden, akiwa ameshikwa sweta na polisi huku mbwa akimrukia tumboni. Kesho yake ilikuwa ukurasa wa mbele wa New York Times. Miaka thelathini na kitu baadaye Ronald McDowell alipewa kazi ya kutengeneza sanamu ya kuwaenzi "askari wa miguu", yaani watu wa kawaida walioandamana, wasio na majina vitabuni, akachukua picha hiyo kama msingi.

Tatizo la kwanza ni kwamba Gadsden hakuwa mwandamanaji. Alikwenda kutazama kama watu wengine, na ukoo wake ulimiliki magazeti ya Weusi ambayo hayakuunga mkono mbinu za King. Tatizo la pili ni kwamba sanamu haifanani na picha. Kwenye picha kijana ni mrefu, amesimama imara, goti lake limeinuka kuelekea kwa mbwa, na wapo wanaoapa kwamba polisi anamvuta mbwa nyuma. Kwenye sanamu kijana amekuwa mdogo, amejipinda nyuma, mikono imefunguka kama mtu anayejitoa. Polisi amekuwa mkubwa, na mbwa amekaribia kuwa mbwa mwitu. McDowell hakuficha kwamba alibadilisha kwa makusudi.

Je, ni uongo? Wageni wangu hugawanyika. Mwalimu mmoja wa historia alikasirika kabisa, akasema kama unataka ushahidi weka picha, usibandike shaba. Mimi naona hivi: picha ilibeba sekunde moja ya mtu mmoja aliyekuwa akipita. Sanamu imebeba mamia ambao hawakupigwa picha, na wengi wao walikuwa wadogo kweli, na mbwa walikuwa wakubwa kweli. Ila ningependa bango la pembeni liseme wazi. Msomaji wa sanamu ana haki ya kujua palipotiwa chumvi.

Wale wachungaji watatu waliopiga magoti ni akina nani?

Ni N. H. Smith, John Porter na A. D. King, mdogo wake Martin. Jumapili ya Matawi mwaka 1963 waliongoza maandamano, wakapiga magoti kuomba walipozuiwa na polisi. Raymond Kaskey aliwachonga kwa jiwe la chokaa, na jiwe hilo limelainika kwa mvua na mikono ya watu. Wamewekwa chini, usawa wa ardhi, na mtoto anaweza kusimama akawaangalia machoni.

Wasichana wanne na njiwa: mbona njiwa ni sita?

Kwa sababu siku hiyo walikufa sita.

Septemba 15, 1963, Jumapili, saa 4 na dakika 22 asubuhi, baruti iliyofichwa chini ya ngazi za kanisa la Mtaa wa 16 ililipuka. Chooni, wakijitengeneza baada ya shule ya Jumapili, walikuwamo Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Wakafa wote wanne. Mdogo wake Addie Mae, Sarah, alipona lakini akapoteza jicho. Kabla ya jua kuzama wavulana wawili Weusi walikuwa wameuawa kwa risasi mjini: Johnny Robinson wa miaka 16, aliyepigwa na polisi, na Virgil Ware wa miaka 13, aliyekuwa amekaa mbele ya baiskeli iliyoendeshwa na kaka yake. Hao wawili hutajwa mara chache. Ndiyo maana nawaambia watu wahesabu njiwa.

Sanamu ilizinduliwa Septemba 2013, miaka 50 kamili, na mchongaji ni Elizabeth MacQueen. Alichochagua kuonyesha ni dakika chache kabla ya mlipuko. Cynthia ameketi kwenye benchi, kitabu mapajani. Denise amesimama juu ya benchi, peku, kwenye ncha za vidole, anarusha njiwa. Addie Mae amepiga magoti nyuma yake, anamfunga mshipi wa gauni. Carole amesimama kando, anatabasamu, anawaita wenzake: twendeni, ibada inaanza. Chini kimeandikwa kichwa cha mahubiri yaliyokuwa yahubiriwe siku hiyo, "Upendo Unaosamehe".

Ule mshipi wa gauni ndio unaonimaliza. Kila mwenye dada anaijua ile shughuli ya Jumapili asubuhi: simama vizuri, acha kujitikisa, geuka.

Watu huuliza kama waliotega baruti ile walifungwa. Mmoja alihukumiwa mwaka 1977, wa pili 2001, wa tatu 2002. Hesabu mwenyewe miaka.

Na King yuko wapi?

Yupo, ametengenezwa na Carlo Roppa mwaka 1986, anatazama kanisa. Ni sanamu ya heshima, ya kawaida. Nadhani inafaa kwamba ndani ya bustani hii yeye si mkubwa kuliko watoto.

Ukitaka King mkubwa nenda Washington: mita 9 za itale, mchongaji Lei Yixin wa China, ilifunguliwa kwa umma Agosti 2011. Hapo palikuwa na mkasa wa maneno. Ubavuni walichonga sentensi iliyofupishwa hivi kwamba King alionekana anajisifu mwenyewe, wakati katika hotuba yenyewe alisema "kama mnataka kusema nilikuwa hivyo, basi semeni…" Mshairi Maya Angelou aling'aka. Mwaka 2013 maneno yakafutwa, na mahali pake pakachongwa michirizi ili pasionekane kovu. Kukata neno moja la "kama" kuligharimu mwaka na zaidi wa mabishano.

Montgomery kuna nini ambacho Birmingham hakipo?

Maji na chuma. Ni kama kilomita 150 kusini, saa moja na nusu kwa gari.

Maji ni ya Maya Lin, yuleyule aliyebuni ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam ulioko Washington akiwa bado mwanafunzi. Kazi yake ya Montgomery ni ya 1989: meza ya duara ya itale nyeusi, maji yanabubujika polepole katikati na kutandaa juu yake kama shuka, na pembeni yamechongwa matukio ya 1954 hadi 1968 pamoja na majina ya watu waliouawa katika harakati. Unagusa jina, maji yanapanda kwenye vidole. Nyuma ya meza kuna ukuta wenye maneno ambayo King aliyapenda kutoka kwa nabii Amosi. Kwenye Biblia zetu utayakuta sura ya 5, mstari wa 24: hukumu na itelemke kama maji. Zungukeni meza mkaone kwamba duara halifungi. Kati ya tukio la mwisho na la kwanza kumeachwa pengo.

Chuma kiko mlimani, kwenye kumbukumbu iliyofunguliwa Aprili 2018 na shirika la mwanasheria Bryan Stevenson kwa ajili ya watu waliouawa na makundi ya Wazungu bila mahakama, zaidi ya 4,000, kati ya 1877 na 1950. Nguzo zaidi ya 800 za chuma cha kutu, kila moja ni wilaya moja, na majina juu yake. Unaanza mkiwa usawa mmoja na nguzo, unasoma. Kisha sakafu inateremka chini ya miguu yako na nguzo zinabaki pale pale, hadi unajikuta unatembea chini ya vitu vinavyoning'inia. Sitaeleza zaidi.

Hawana sanamu za wanawake wa mgomo wa mabasi?

Wanazo. Rosa Parks, yule aliyekataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi, alisimamishwa katikati ya Montgomery Desemba 1, 2019, tarehe ileile aliyokamatwa mwaka 1955. Lakini ninayoipenda zaidi iko kule mlimani, kazi ya Dana King: wanawake wanaokwenda kazini kwa miguu. Mgomo wa Weusi kususia mabasi ulidumu siku 381, na waliotembea wengi walikuwa wafanyakazi wa ndani, wapishi na wafuaji. Pembeni yao kuna nyayo ardhini, unaweza kuweka zako.

Kuna sanamu watu wasizozipenda?

Nyingi. Boston Januari 2023 walizindua kazi ya Hank Willis Thomas, shaba ya urefu wa mita 6 hivi, mikono ya King na mkewe Coretta wakikumbatiana, bila vichwa. Chanzo chake ni picha ya 1964 walipopata habari za tuzo ya Nobel. Mtandaoni ilichekwa vibaya sana, na mengine siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa wazee wanasoma. Waliosimama ndani ya ile mikono wanasema ni kitu kingine kabisa. Picha ya simu si mahali pa kuhukumia sanamu.

Sanamu za wale waliotetea utumwa bado zipo?

Baadhi. Birmingham ilikuwa na mnara wa askari wa Kusini katika bustani nyingine ya katikati ya mji. Mji ukauondoa Juni 2020, jimbo likaushtaki kwa sheria ya 2017 inayolinda minara ya zamani, na faini ikawa dola 25,000. Ililipwa. Montgomery, Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, bado amesimama mbele ya bunge la jimbo, na kanisa alilohubiri King liko mtaa mmoja tu kutoka hapo. Mtaona vyote viwili kwa kugeuza shingo.

Sisi wa Afrika Mashariki haya yanatuhusu nini?

Kuna uzi wa kweli na sitauvuta kupita kiasi. Septemba 1959 wanafunzi 81 walitua New York kwa ndege iliyotokana na juhudi za Tom Mboya. Waliosaidia kuchangisha ni pamoja na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na King alikuwa upande wao. Mboya mwenyewe ana sanamu Nairobi tangu 2011, Moi Avenue, karibu na pale alipopigwa risasi.

Na aliyewahi kushuka Mkunazini, Unguja, akawaona wale watumwa watano wa Clara Sörnäs waliowekwa shimoni mwaka 1998 na minyororo halisi shingoni, ataitambua lugha ya Birmingham mara moja. Pale kwenye lango la kumbukumbu ya Montgomery kuna ndugu zao: kundi la watu waliofungwa minyororo, kazi ya Kwame Akoto-Bamfo wa Ghana. Mgeni wangu kutoka Zanzibar alisimama hapo muda mrefu kuliko popote, kisha akauliza kama kuna mahali pa kupata chai.

Naweza kuja na watoto na wazee?

Ndiyo. Njia ni za saruji, kiti cha magurudumu kinapita. Julai na Agosti njooni mapema, jua la Alabama halina adabu. Mtoto wa miaka saba anaelewa wasichana na njiwa. Kumbukumbu ya mlimani ningengoja akue.

Lazima nipite kati ya wale mbwa?

Si lazima. Nyasi ziko pembeni. Mama mkwe wangu alifika pale, akawatazama, akavua miwani akaifuta, kisha akakunja khanga yake akazunguka kwenye nyasi bila kusema kitu. Tukamkuta upande wa pili, anatusubiri.